Mtoto wa miaka 11 hajui kusoma: umnunulie kitabu cha darasa la ngapi?

Najua wengi mlitegemea tuendelee na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Tutaendelea, msiwe na wasiwasi. Leo naomba niweke mahindi pembeni nijibu swali ambalo nimeulizwa mara 3 ndani ya mwezi mmoja, na wote walioniuliza ni wakulima ninaowatembelea mashambani.

Swali lenyewe ni hili: "Bibi shamba, mwanangu ana miaka 11, yuko darasa la nne, kusoma hajui. Nataka nimfundishe mwenyewe nyumbani. Ninunue vitabu vya darasa la ngapi?"

Mimi si mwalimu. Nina stashahada ya kilimo, na kazi yangu ni ugani. Lakini swali hili limekaa ndani ya nyumba yangu mwaka mzima, kwa sababu nilimlea mtoto wa kaka yangu aliyekuwa katika hali hiyohiyo. Niliyoyaona nitayaeleza kama yalivyokuwa, kisha nitakupa hatua za kufuata.

Jibu fupi nalitoa hapa mwanzoni, kwa mwenye haraka zake. Usinunue kitabu cha darasa analokaa, wala usinunue kwa kufuata umri wake. Mpime kwanza, ujue anasoma mpaka wapi, kisha mwanzishe pale anapoweza. Na usishangae ukikuta mtoto mmoja ana ngazi 3 tofauti kwa wakati mmoja.

Kijana alivyokuja

Kaka yangu ni mfugaji, anaishi wilaya ya Meatu hapa hapa mkoani Simiyu. Mwezi Desemba alinipigia simu akaniambia amechoka na shule ya mwanawe wa tatu. Kijana alikuwa amemaliza darasa la tatu, ana miaka 11, na hawezi kusoma jina la baba yake likiandikwa ukutani. Kaka alikuwa ameshaamua: kijana aache shule, akachunge ng'ombe.

Nilimwambia aniletee. Akanijibu, "Dada, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu ameshakauka."

Tulibishana, na mwisho tukakubaliana. Kijana atakaa kwangu, atahamia shule ya kijijini kwetu, na atakuwa na muda hadi mwezi Juni. Ikifika Juni hajui kusoma, baba yake atakuja kumchukua. Ninajua, na yeye kaka anajua, kwamba elimu ya msingi ni lazima kwa kila mtoto wa nchi hii. Lakini nyinyi mnaoishi vijijini mnafahamu jinsi mtoto anavyoweza kubaki kwenye daftari la mahudhurio huku mwili wake uko malishoni.

Kwa hiyo tulikuwa na miezi 6. Na mbele ya mwaka huohuo kulikuwa na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambao asiyefikia kiwango hukariri darasa. Muda kama huo ukikukabili, jambo la kwanza linalokujia ni kukimbilia vitabu vya darasa la nne ili "awahi wenzake". Majirani karibu wote walinishauri hivyo. Mmoja tu ndiye alisema tofauti: nianzie darasa la kwanza kwa masomo yote, kana kwamba kijana hajawahi kukanyaga shule.

Mimi nilifikiri kama ninavyofikiri nikiingia kwenye shamba la mtu. Mkulima akiniambia mahindi yake ni ya njano, simwandikii mbolea nikiwa bado nimekaa kwenye pikipiki. Nashuka, natazama majani ya chini na ya juu, nang'oa mche naangalia mizizi, nauliza alipanda lini. Mahindi ya njano yanaweza kukosa naitrojeni, yanaweza kuwa yamesimama kwenye maji, yanaweza kuwa yameliwa mizizi. Ugonjwa mmoja kwa macho, dawa 3 tofauti. Hali kadhalika mtoto "asiyejua kusoma".

Tulivyompima

Kipimo sikukibuni mimi. Kuanzia mwaka 2010 Uwezo walipita nyumba kwa nyumba hapa Tanzania, na Kenya na Uganda pia, wakiwapima watoto kusoma kwa karatasi fupi. Karatasi ilianza na silabi, ikaja maneno, ikaja aya, ikamalizia na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Walichokuta kiliwashtua wengi: watoto wa madarasa ya juu walioshindwa kusoma hadithi ya darasa la pili. Mfano wao ulitoka India, ambako shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai miaka ya 1990, limekuwa likiwapanga watoto kujifunza kwa kufuata ngazi anayoweza kila mmoja, bila kujali yuko darasa la ngapi. Hoja yao ni nyepesi. Mtoto hawezi kupanda ngazi ambayo mguu wake haufiki.

Nilimwomba jirani yangu, mwalimu wa darasa la kwanza ambaye sasa amestaafu, anisaidie kuandaa karatasi ya namna hiyo. Tuliandika kwa mkono, kwa herufi kubwa zinazosomeka:

Kwanza, irabu 5: a, e, i, o, u, tukizichanganya zisifuatane.

Pili, silabi nyepesi 10, kama ma, ki, to, be, lu.

Tatu, maneno mafupi 10 ya silabi nyepesi: baba, kuku, moto, lima, sita, pika, na mengine ya namna hiyo.

Nne, maneno 10 yenye herufi zilizoungana: mbuzi, shamba, nyanya, ng'ombe, kwetu, mchele.

Tano, aya fupi. Yetu ilikuwa hivi: "Bibi ana kuku watano. Kuku mmoja ametaga mayai kwenye kapu. Jana paka alikuja usiku. Bibi alimfukuza kwa fimbo."

Sita, ukurasa mmoja wa hadithi kutoka kitabu cha darasa la pili, na maswali 2 ya kuuliza kwa mdomo.

Hatukumkalisha kama mtu anayefanya mtihani. Tulikaa chini ya mwembe, tukala karanga, mwalimu akawa anamwonyesha mstari mmoja mmoja. Irabu alizijua zote. Silabi akapata 6 kati ya 10. Maneno mafupi akapata 3, na hayo 3 nadhani aliyajua kwa sura, kwa sababu alisema "baba" haraka sana lakini "bibi" akashindwa. Maneno yenye herufi zilizoungana hakupata hata moja. Tukaishia hapo. Ukishaona mtoto amekwama, hakuna faida ya kumwonyesha mengine anayoshindwa.

Mwalimu alibaini mambo mengine 2. Kijana alikuwa akichanganya b na d. Na alikuwa akichanganya r na l, jambo ambalo sisi Wasukuma tunalo hata ukubwani. Atakuandikia "karamu" akimaanisha kalamu ya kuandikia. Mwalimu akaniambia nisichanganye haya mawili. La kwanza ni la macho na mazoezi. La pili ni la ulimi, linatoka kwenye lugha ya nyumbani, na si dalili kwamba mtoto hajui kusoma. Kama anasoma vizuri halafu anatamka kwa lafudhi ya kwao, mwache amalize sentensi ndipo umrekebishe.

Ngazi 3 ndani ya mtoto mmoja

Siku iliyofuata tulipima hesabu, na hapo ndipo nilipoona kwa nini ushauri wa "mwanzishe darasa la kwanza kwa kila kitu" haukufaa.

Kijana huyu amekulia kwenye ng'ombe. Nilimuuliza, "Asubuhi mmetoa ng'ombe 34, jioni wamerudi 27, wangapi wamepotea?" Akajibu kabla sijafunga mdomo. Nikampeleka dukani kwa noti ya shilingi 5,000, akanunua sukari na sabuni, akarudisha chenji kamili na kunieleza kila kitu kilivyouzwa. Kuzidisha alijua mpaka jedwali la 5. Hesabu zake zilikuwa za darasa la tatu bila ubishi. Kilichomwangusha ni maswali ya mafumbo, kwa sababu hayo yanaanza kwa kusoma.

Kusikiliza na kueleza ndiko alikokuwa mbele kabisa. Taarifa ya habari ya redioni alikuwa anaisimulia upya jioni, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma, lakini bila kuacha jambo la maana. Hapo alikuwa sawa na mtoto yeyote wa umri wake, pengine zaidi.

Kwa hiyo jibu la "darasa la ngapi" likawa hivi: kusoma na kuandika, kitabu cha darasa la kwanza, tukianzia kurasa za katikati, kwenye silabi. Hesabu, kitabu cha darasa la tatu, nami nikimsomea maswali ya mafumbo. Maarifa mengine kama sayansi, darasa lake la nne, kwa kusikiliza na kujibu kwa mdomo.

Ungemwekea darasa la nne kote, angekuwa anatazama herufi kama mtu anayetazama mvua dirishani. Ungemrudisha darasa la kwanza kote, angejumlisha 2 na 3 huku anajua chenji ya elfu tano, na baada ya wiki angekudharau wewe na kitabu chako.

Je, arudishwe darasa la chini shuleni?

Hili nimeulizwa sana. Nilikwenda kumwona mwalimu mkuu, tukalizungumza kwa uwazi. Tulipima pande zote mbili. Angekaa darasa la kwanza au la pili, angefundishwa silabi, lakini angekaa na watoto wa miaka 7, tena katika darasa lenye watoto wengi ambamo mwalimu hawezi kumfuata mmoja mmoja kila siku. Kijana wa miaka 11 anayechekwa wakati wa mapumziko hatachukua muda kutafuta njia ya kurudi kwenye ng'ombe.

Tukaamua abaki darasa la nne na rika lake, na ngazi ya chini aifanyie nyumbani. Mwalimu wa darasa alikubali kumkalisha mbele, na kumuuliza maswali kwa mdomo badala ya kumsimamisha asome mbele ya wenzake. Haikugharimu chochote zaidi ya mazungumzo ya nusu saa. Nawasihi wazazi: kabla ya kununua kitabu, nenda shuleni. Mwalimu akijua unafundisha nini nyumbani, hamtavutana.

Vilevile tulimpeleka hospitali ya wilaya kupimwa macho na masikio. Vyote vilikuwa vizima. Ninayo furaha tulihakikisha, maana mtoto asiyeona ubao vizuri au asiyesikia tofauti ya "pa" na "ba" anaweza kuitwa mzito miaka yote, wakati tatizo lake linatibika.

Kitabu cha mtoto mdogo mkononi mwa kijana mkubwa

Kuna tatizo moja ambalo halimo kwenye karatasi ya kupimia. Kitabu cha darasa la kwanza kimechorwa kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza. Kijana alikifungua, akaona mtoto anacheza na mpira, akakifunga. Hakusema neno. Kesho yake nilikikuta chini ya godoro, ili rafiki zake wakija wasikione.

Tulichofanya ni kuchukua mpangilio wa kitabu na kubadilisha maneno. Kitabu kikifundisha silabi za "ma me mi mo mu", sisi tuliandika maneno ya maisha yake: maji, mama, mimi, moto, mali. Kikifika "nda", tuliandika ndama, panda, banda. Nilikata maboksi ya sabuni kuwa kadi ndogo, silabi moja kila kadi, zikajaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Akawa anaunganisha kadi kutengeneza majina ya ng'ombe wa baba yake. Majina ya Kisukuma yanaandikwa kwa silabi zilezile, na hakuna kitu alichokifurahia kama kuona jina la fahali wao limesimama mezani.

Baadaye tulihamia kwenye maandishi ya kweli: mfuko wa mbegu za mahindi, kadi ya kliniki, ujumbe wa pesa kwenye simu, tangazo la mnada lililobandikwa ofisi ya kijiji. Haya hayana aibu. Hakuna atakayemcheka kijana anayesoma mfuko wa mbegu.

Ratiba yetu ilikuwa dakika 30 kila jioni baada ya chakula, siku 5 kwa wiki, kwa taa ya sola. Dakika 10 za silabi na kadi, dakika 10 za kusoma, dakika 10 za kuandika maneno niliyoyasoma kwa sauti. Zikiisha, zimeisha, hata kama tuko katikati ya raha. Nikiwa safarini kwenye mafunzo, binti yangu wa darasa la sita alinishikia zamu.

Kila baada ya wiki 2 tulirudia kipimo, kwa maneno mapya. Mwisho wa Januari, silabi nyepesi 10 kati ya 10. Katikati ya Machi, maneno mafupi 9 kati ya 10, tukafunga kitabu cha darasa la kwanza sehemu ile. Kisha tukakwama. Wiki 5 nzima kwenye herufi zilizoungana, hasa ng', ny na mbw, hakuna kilichosogea. Kwenye hali kama hiyo sogea pembeni, usirudi mwanzo. Tuliacha herufi zote, tukachukua moja tu, "sh", tukakaa nayo siku 4: shamba, shoka, shuka, kesho, moshi. Kisha "ch". Kisha "ny". Mei mwishoni alisoma aya ya bibi na kuku wake mwanzo hadi mwisho, polepole, akakwama mara 2.

Juni ilipofika

Kaka alikuja kama alivyoahidi. Hakuuliza habari za shule. Alikuja na chupa ya dawa ya sindano aliyoinunua njiani kwa ajili ya ng'ombe wake mmoja wa maziwa, maana alijua nitamwambia kipimo chake.

Nilimwambia, "Kaka, mpe mwanao akusomee."

Lebo ilikuwa na maandishi ya Kiingereza na sehemu fupi ya Kiswahili. Kijana aliichukua akaigeuza kutafuta Kiswahili. Alisoma taratibu, kidole kwenye mstari, akipumzika kila neno. Alipita kipimo. Akafika pale palipoandikwa kwamba maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano hiyo yasitumiwe na binadamu kwa siku 7.

Kaka akamwambia arudie. Akarudia. Kaka akakaa kimya, kisha akaniuliza mimi kama ni kweli, maana dawa hiyo alikuwa ameitumia miaka mingi na maziwa yake nyumbani hayajawahi kumwagwa hata siku moja. Nikamwambia ni kweli, na ndiyo sababu nimekuwa nikiwahimiza wafugaji kufuata lebo. Wasomaji wangu, hili lishikeni hata msiposhika kingine leo: kila dawa ya mifugo ina muda wake wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kula nyama, na muda huo umeandikwa kwenye lebo. Ukiwa na mtu nyumbani anayesoma, una ulinzi.

Kaka aliondoka peke yake. Kijana alibaki.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yaliisha vizuri yote. Kwenye upimaji wa mwisho wa mwaka alama zake za Hisabati zilikuwa nzuri, za Kiswahili zilitosha, za Kiingereza zilikuwa mbaya. Alivuka kwenda darasa la tano. Bado anasoma polepole kuliko wenzake, na ukimpa ukurasa mrefu anachoka. Dakika zetu 30 zinaendelea mpaka leo. Lakini maswali ya mtihani aliyasoma mwenyewe, na kitabu chochote anachoshika sasa anakiacha juu ya meza.

Na yule ambaye hayuko shuleni kabisa?

Mama mmoja anayeuza duka karibu na mnada aliniuliza kuhusu binti yake wa miaka 14, aliyeacha shule akiwa darasa la pili wakati wa kuhamahama. Alikuwa tayari kununua seti nzima ya vitabu vya darasa la saba, "ili amalize haraka". Tulimpima kwenye benchi la duka. Alisoma maneno mafupi, aya hakuiweza. Hesabu za dukani alikuwa moto.

Kwa huyu, kumfundisha nyumbani peke yake hakutoshi, maana atahitaji njia ya kurudi kwenye mfumo. Nchi yetu ina mpango wa MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Unachukua watoto katika makundi 2 ya umri: la kwanza wasiozidi miaka 13, la pili miaka 14 hadi 18. Masomo yake yamefupishwa ili mtoto aliyechelewa apate njia ya kuendelea. Muulize mwalimu mkuu au Afisa Elimu Kata kama kuna darasa la MEMKWA karibu nawe. Yule mama hakununua vitabu vya darasa la saba. Alimwandikisha binti, na jioni dukani binti huandika majina ya bidhaa na madeni ya wateja kwenye daftari. Hicho ndicho kitabu chake cha darasa la pili.

Fanya hivi

1. Andika karatasi ya kupimia kama yetu. Anza na maneno mafupi. Akishindwa zaidi ya nusu, shuka kwenye silabi. Akipata yote, panda. Acha pale anapokwama.

2. Chagua kitabu kwa kipimo. Anayeishia kwenye silabi au maneno mafupi, kitabu cha darasa la kwanza. Anayeishia kwenye herufi zilizoungana au aya, mwisho wa darasa la kwanza na mwanzo wa darasa la pili. Anayesoma hadithi na kujibu maswali, mpe cha darasa la tatu.

3. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wowote dukani, mwambie asome maneno 20. Akikwama kwenye moja au mawili, kitabu kinamfaa kujifunzia. Akikwama kwenye zaidi ya manne, rudisha, chukua cha chini yake. Asipokwama kabisa, hicho ni cha kujifurahisha, nacho kina kazi yake.

4. Pima hesabu peke yake, na uelewa wa kusikiliza peke yake. Usiushushe uwezo wake wote kwa sababu ya kusoma.

5. Usinunue kama unaweza kuazima. Shule ina vitabu. Na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Mwenye simu janja akusaidie kuvifungua.

6. Dakika 30 kila siku zinashinda saa 3 za Jumamosi. Usimfundishe ukiwa na hasira, wala mbele ya wageni.

7. Pima upya kila wiki 2, andika tarehe na matokeo kwenye daftari kama unavyoandika mavuno. Bila kumbukumbu hutajua kama anasogea.

8. Mpeleke akapimwe macho na masikio. Na kama miezi 6 ya kufundishwa kila siku imepita bila kusogea hata ngazi moja, zungumza na mwalimu mkuu akuunganishe na wahusika wa elimu maalumu wa halmashauri. Wapo watoto wenye akili timamu kabisa ambao herufi zinawachezea, na wanahitaji njia nyingine ya kufundishwa. Fimbo haijawahi kuwa njia hiyo.

Mzazi anayeniambia yeye mwenyewe hajui kusoma, namwambia asikate tamaa. Atafute mtoto wa jirani anayesoma vizuri, amlipe kwa chakula cha jioni, na yeye akae pale asikilize. Nimeona baba mmoja akijifunza silabi zake kwa njia hiyo, akijifanya anachambua choroko.

Mwenye swali aniulize tukikutana shambani, mnadani, au ofisi ya kata siku ya Jumatatu. Karatasi ya kupimia ninayo, nitakuandikia nakala. Wiki ijayo tunarudi kwenye viwavijeshi. Kagueni moyo wa mahindi yenu asubuhi na mapema, msisubiri nije.